Maalim wa Ili na Hata

Nilifika Garissa juu ya lori la matikiti, siku ya tano tangu nitoke Voi. Siku mbili kati ya hizo tano tulizimaliza kwenye tope karibu na Bura, mto ukiwa umemwagika barabarani na magurudumu yamezama hadi kwenye vyuma. Dereva na utingo wake walikula matikiti yaliyopasuka, nami nikala nao asubuhi, mchana na jioni, na tangu siku hizo sijaweza kulitia tunda hilo mdomoni. Mzigo wangu ulikuwa makopo mawili ya rangi, brashi saba zilizofungwa kwenye kitambaa, chupa ya tapentaini na begi la nguo. Kazi yangu ilikuwa kuandika maneno kwenye kuta: majina ya maduka, kaulimbiu za shule, onyo la kutotupa taka. Nilikuwa nimeandika Mariakani, Kilifi, Malindi na Garsen, na kila mji ulipoanza kunizoea mimi nilikuwa nimeshauchoka.

Tukiwa pale kwenye tope dereva aliniuliza, "Sasa wewe Garissa unaenda kufanya nini hasa?"

"Kuona."

"Kuona nini?"

Utingo akacheka akasema nimepanda lori la watu wazima bila sababu.

Nilikaa Garissa miaka kumi na moja. Hakuna mji mwingine ulioniweka hata miwili. Nikijiuliza leo kilichonishika ni nini, simkumbuki mwanamke wala kazi nzuri. Namkumbuka mwalimu mmoja wa Kiingereza ambaye hakuwa na shule, hakuwa na cheti, na hakuwa na kitambulisho. Watu walimwita Maalim, nami hapa nitamwita hivyo hivyo.

Tulikutana nikiwa juu ya ngazi. Mwenye duka la magodoro alitaka maneno ya Kiingereza ukutani, nami niliyetoka kidato cha nne na alama ya D ya Kiingereza nikamwandikia kwa herufi nyekundu, kubwa kama ng'ombe: "Buy here so that you woke up happy." Nilikuwa naongeza kivuli kwenye herufi ya mwisho niliposikia sauti chini yangu.

"Fundi, huyu mteja ameshaamka?"

Nikageuka. Mtu mrefu, kikoi cha kijani, koti la suti juu yake, ndevu zimetiwa hina, gazeti kwapani.

"Mteja gani?"

"Huyu wa godoro. Umeandika ameshaamka. Kwani amelala saa ngabi? Hata kununua bado."

Mwenye duka akatoka nje. "Maalim, wacha fundi amalize, jua inakula rangi yangu."

"Jua itakula, na wewe utachekwa na kila mtu amesoma," alimjibu bila kumwangalia. Kisha akaniambia, pole pole, kama mtu anayemweleza mgonjwa namna ya kumeza dawa, kwamba kitu cha ili hakijafika bado. Mtu analala ili aamke. Kuamka kuko mbele yake, pengine kutafika, pengine hakutafika. Kikishafika hakiitwi ili tena, kinaitwa hata. "Alilala fizuri hata akaamka na furaha. Hiyo ni sawa, lakini hiyo ni habari ya mtu amelala. Wewe unauza kwa mtu hajalala."

Nilifuta neno moja kwa tapentaini nikaandika "wake". Kuanzia siku ile sikuandika Kiingereza kwenye ukuta wowote wa Garissa kabla hajakiona kwanza kwenye karatasi.

Kiswahili chake, kama mlivyosikia, kilikuwa kimevunjika kila kiungo. Ngeli alizichanganya kama mtu anayechunga mbuzi wa maboma matatu kwa fimbo moja, p kwake ilikuwa b, na v ilikuwa f. Lakini akianza Kiingereza ungedhani ameingia mtu mwingine ndani ya lile koti. Kila herufi ilikaa mahali pake. Nilimuuliza siku moja inakuwaje.

"P ya Kiingereza nilichabwa nayo," alisema. "Ya Kiswahili hakuna mtu alijisumbua kunichaba."

Alifundisha katika chumba cha mabati nyuma ya ghala la mtama, kila siku baada ya swala ya Alasiri, wakati joto limeanza kuachia. Wanafunzi wake walikuwa watu wazima. Kondakta wa basi, mlinzi wa ghala, mfanyabiashara aliyeleta ngamia kutoka Liboi na aliyetaka kusoma karatasi za mpakani mwenyewe badala ya kusomewa, wanawake watatu wauza nguo, na Mama Sahara, muuza maziwa ya ngamia, ambaye alikuja na madumu yake matupu na kuyakalia. Ubao niliupaka mimi rangi nyeusi kila mwaka, na kila mwaka alichora mstari katikati. Kushoto sentensi za ili, kulia sentensi za hata. Vitenzi vingine, nyakati nyingine, viwakilishi, hayo yote alisema wangeyapata kwa redio. Yeye alifundisha mambo mawili tu: Mwingereza anasemaje kwamba mtu alitaka kitu, na anasemaje kilichotokea.

Nakumbuka sentensi zake kwa sababu nilikuwa nakaa nyuma nikisafisha brashi. Kushoto aliandika, "We moved so that we might eat." Tulihama ili tule. Kulia akaandika, "We ate so little that we moved again." Tulikula kidogo mno hata tukahama tena. Aliwaonyesha lile "might" upande wa kushoto, akaligonga kwa chaki. "Hii ni mlango. Iko wazi, lakini huwezi kujua nani ataingia. Angalia kulia. Mlango iko wabi? Hakuna. Imekwisha."

Aliwafundisha kwamba mtu anayefanya kitu kwa ajili yake mwenyewe anaweza kutumia neno fupi, "to", au akitaka kujikuza, "in order to". Nafanya kazi nile. Lakini anayefanya kazi akiwa mmoja na atakayekula ni mwingine, neno fupi halitoshi, lazima useme "so that" na umtaje yule mwingine waziwazi. Nafanya kazi ili mtoto wangu ale. "Watu wawili katika sentensi moja wanahitaji kamba ndefu," alisema.

Mama Sahara akanyoosha mkono. "Maalim, mimi nataka Kiingereza ya kuuza maziwa. Hii yako ni ya kuhuzunisha wateja."

"Haya, sema ya maziwa."

"The milk is such sour that... that mzungu amekimbia."

Darasa zima likacheka. Maalim hakucheka. "So sour," alisema. "Such inataka kitu cha kushika. Such sour milk. Na mzungu hakukimbia kwa sababu ya maziwa, alikimbia bei yako."

Alikuwa na tabia ya kuuliza, "Ili nini?" Kinyozi akisema anafunga mapema, Maalim atauliza ili nini. Mtu akimwambia ameoa mke wa pili, ili nini. Wenzake msikitini walimtania kwamba siku ya kuzikwa malaika wakimuuliza maswali ya kaburini atawajibu kwa swali hilo. Na usipokuwa na jibu hakukucheka. Aliinua mabega tu, kama mtu aliyekutana na mwenziwe. Mimi aliniuliza mara moja kwa nini nimezunguka miji yote hii, nikamjibu kama nilivyomjibu dereva. Hakurudia kuniuliza.

Neno alilolipenda kuliko yote lilikuwa "lest". Alisema ni neno zee, Waingereza wenyewe hawaliamkii siku hizi, lakini ndilo pekee katika lugha yao lenye hofu ndani yake. Alimfunga ngamia, lest, asije akaenda. Mengine yote yanatazama kile unachotaka kije. Hili linatazama kile unachoomba kisije. Aliwapa wanafunzi wake neno hilo moja kwa wiki nzima, na yule kondakta wa basi akalichukua akawa anawatishia abiria nalo.

Kwa muuza nyama alichukua magazeti ya zamani kabla hayajafungiwa maini, akakata sentensi kwa wembe na kuzibandika kwenye daftari. Kurasa za kushoto alibandika ahadi: barabara itajengwa ili wafugaji wafike sokoni, kisima kitachimbwa ili akina mama wasitembee. Za kulia aliacha wazi, ajaze akiona yaliyotokea kwa macho yake. Nilishika daftari lile siku moja nikageuza kurasa. Upande wa kulia ulikuwa mweupe karibu wote. Mahali pamoja tu, kando ya habari ya kisima, alikuwa ameandika kwa kalamu ya bluu kwamba kisima kilichimbwa kirefu hata kikatoa chumvi.

Alikuwa mtu wa kupingana na nafsi yake. Alisema matumaini ni kwa ajili ya sarufi tu, yasitolewe nje ya ubao. Lakini kila Jumatatu asubuhi alipiga pasi shati jeupe, akalivaa ndani ya lile koti, akaenda kuulizia kitambulisho chake. Aliandika barua za kuombea watu kazi, na barua zake zilifanya kazi: wanafunzi wake wawili waliingia ofisini kwa maneno yake, na mmoja wao alikaa kwenye ofisi hiyo hiyo aliyokuwa akiiendea yeye kila Jumatatu. "Maalim, karibu," yule kijana alimwambia kwa heshima, akamletea kiti, akamwambia rudi wiki ijayo. Simu yake ilisajiliwa kwa jina la Mama Sahara, kwa kuwa bila kitambulisho hupewi laini. Alifundisha watu Kiingereza cha kupandia ndege, na yeye mwenyewe hakuwahi kuvuka daraja la Tana, pale nje ya mji, mahali ambapo polisi hushusha abiria wote na kutazama vitambulisho. Wenyeji wakivuka daraja lile husema wanaenda Kenya. Wakirudi husema wametoka Kenya. Mimi mwanzoni nilidhani ni mzaha.

Kosa lake, kama ni kosa, alilisema mara moja tu, mwaka wa nne wa kujuana kwetu, tukinywa chai ya maziwa ya ngamia iliyotiwa sukari hata kijiko kikasimama. Hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama mfano wa ubaoni.

"Njaa ilikuja nikiwa kama miaka kumi na sita," alisema. "Tuko Ijara. Ng'ombe yote imekwisha, imebaki mbuzi kidogo. Mama akasema, kule Dadaab kuna kambi, kuna unga na shule, lakini ni ya wakimbizi. Ukisema umetoka ng'ambo ya mbaka, unabewa. Ndugu yangu mkubwa alibaki na zile mbuzi. Mama akachukua sisi wadogo. Njiani anatufundisha: mkiulizwa mmetoka wabi, semeni ng'ambo. Nikaulizwa. Nikasema ng'ambo."

"Na wakaamini?"

"Kwa nini wasiamini? Sura moja, lugha moja, njaa moja. Tukala. Nikasoma. Baadaye wakaleta mashine ya fidole. Nikaweka fidole." Akanionyesha mikono yake yote miwili, akaigeuza, kana kwamba wino bado ulikuwapo. "Nilibokuwa mtu mzima nikaona aibu kula unga ya wageni nikiwa kwetu. Nikarudisha kadi kwa mkono yangu mwenyewe, nikaja Garissa kuomba kitambulisho. Nikaweka fidole tena. Mashine ikasema huyu ni mkimbizi."

"Ungewaeleza."

"Nimeeleza miaka ishirini, Fundi." Akanywa chai. "Wenye njaa kidogo walibaki Wakenya. Sisi wenye njaa kubwa ndio tukawa wageni."

Si yeye peke yake. Kila mtaa wa Garissa una mtu wa namna hii, na ukiuliza utaonyeshwa: huyu aliandikishwa na shangazi yake, yule alikwenda mwenyewe kwa ajili ya dawa. Maalim hakumlaumu mama yake kamwe. Alikuwa amekufa zamani, na Maalim alipomtaja alisema tu kwamba sentensi yake ilikuwa sahihi upande wa kushoto.

Mara tatu ikaja kamati ya kuhakiki watu kama yeye. Wazee walikaa kwenye viti vya plastiki, wakamuuliza baba yake nani, kisima cha kwao kipi, alama ya ngamia wao ikoje. Alijibu yote. Walimjua. Mmoja wao alikuwa amecheza naye utotoni. Majina yalipelekwa Nairobi, na mara mbili hakuna kilichorudi. Mara ya tatu orodha ilirudi, ikabandikwa ukutani kwa chifu, nami nilikuwa naye asubuhi hiyo. Watu walisukumana, kila mmoja akitafuta jina lake kwa kidole. Maalim alingoja wapungue, kisha akasogea akaanza kusoma kutoka juu kabisa, tangazo lenyewe, si majina. Akatoa kalamu mfukoni. Tangazo lilisema kazi hii imefanywa ili raia wa kweli wapate haki yao, na mwandishi alikuwa amekosea kitenzi baada ya "so that". Maalim akakisahihisha. Ndipo akasoma majina, kurasa zote tatu, bila haraka, mstari kwa mstari, hata yale ya wanawake. Alipofika mwisho alifunga kalamu.

"Halipo?" nikamuuliza.

"Kuna mtu wa jina kama langu, lakini babu yake ni mwingine. Alhamdulillah, huyo amebata."

Tukaenda darasani. Siku hiyo alifundisha vizuri kuliko siku zote.

Laiti mambo yangekuwa ya kwake peke yake, nadhani angeendelea hivyo hivyo mpaka kufa, na shati lake la Jumatatu. Lakini alikuwa na binti. Hibo alizaliwa baada ya Maalim kurudisha ile kadi, hakuwekwa kwenye mashine yoyote. Mama yake naye alikuwa wa daftari lile lile la kambini, na alifariki Hibo akiwa darasa la tatu. Msichana alikuwa mwembamba, mkimya, mwenye kucheka kwa macho tu. Alimaliza kidato cha nne akapata alama nzuri, akaitwa chuo cha uuguzi Embu. Barua ya kuitwa ilikuja na tarehe ya kuripoti, na chini yake orodha ya vitu: godoro, ndoo, sare, kitambulisho. Na mtoto hapati kitambulisho mpaka alete cha mzazi.

Mwaka wa kwanza chuo kilikubali kumngojea. Barua ya pili ilisema hakitangojea tena.

Mama Sahara ndiye aliyelisema, darasani, baada ya wengine kutoka. Mimi nilikuwa nakwangua rangi ya zamani kwenye ubao.

"Maalim, ndugu yako Ijara ana kitambulisho."

"Anacho."

"Basi Hibo ni mtoto ya ndugu yako. Wazee watakula kiabo. Watu wangabi wamefanya hivyo? Halima wa kushona amefanya. Yule wa duka la simu amefanya."

Maalim alikuwa anafuta chaki kwenye vidole vyake. "Ili nini?"

"Wallahi usiniulize hiyo leo!" Mama Sahara alisimama, madumu yakaanguka. "Unajua ili nini! Msichana anakaa nyumbani anabika anjera mwaka mzima na barua iko chini ya mto. Kichwa kama ile! Wewe unataka nini, awe kama wewe?"

Wiki tatu Maalim hakumsemesha. Mtu asiyeishi na Wasomali anaweza kudhani ni jambo dogo, karatasi tu, lakini kwao mtoto hana jina la ukoo kama sisi. Jina lake la pili ni la baba, la tatu ni la babu, la nne la baba yake babu, na mnyororo unaendelea hivyo. Mtoto hufundishwa kuukariri kabla ya kusoma, kumi, ishirini, thelathini nyuma. Ndio unaomwambia nani ni ndugu yake na kwa nani atakimbilia. Hibo aliukariri akiwa na miaka minne, na aliyemfundisha ni yeye.

Wiki ya nne nikamwona ndugu yake. Yusuf alikuja kutoka Ijara na wazee wawili, mtu mfupi mwenye vumbi la safari, asiyejua kuangalia watu machoni. Alikaa kwenye benchi la wanafunzi kama aliyeitwa kwa kosa. Ndugu hawa wawili walisalimiana kwa muda mrefu, wakaulizana mvua, malisho, mbuzi, na sikusikia neno lolote juu ya msichana. Waliafikiana bila mimi kuona ni saa ngapi.

Siku iliyotangulia kwenda kwa chifu nilikuwa mle darasani, nimepanda juu ya meza nikipaka ubao rangi mpya. Maalim akaja na Hibo, akamkalisha mstari wa mbele, yeye akasimama pale anaposimama siku zote. Nilitaka kushuka nitoke. "Endelea, Fundi," alisema.

Kisha akamgeukia binti yake. "Jina?"

"Hibo," akasema, akataja jina la baba yake, na la babu yake, mfululizo, kama mtu anavyovuta pumzi.

"Habana. Tena."

"Hibo..."

"Hibo Yusuf Abdi. Tena. Afisa hatakungojea."

"Hibo Yusuf Abdi."

"Mbele."

Akaendelea na babu wa babu, ile njia aliyoijua tangu utotoni, sauti ikatulia kidogo. Maalim akamrudisha mwanzo. Akamrudisha tena. Mara ya sita au ya saba jina la baba yake likamponyoka tena, katikati, mahali pake, na hapo machozi yakaanza.

"Usilie kwenye jina," alimwambia taratibu. "Ukilia habo watajua. Lia ukifika kwa babu yako, huyo alikufa, unaruhusiwa." Akajaribu kutabasamu. "Ona, njia ni ile ile. Umebadilishiwa mtu mmoja tu."

Wasomali wana desturi nzuri ambayo niliizoea nikaipenda: mkubwa humwita mdogo kwa jina lile lile ambalo mdogo humwita yeye. Baba humwita mtoto wake aabo, kama mtoto anavyomwita baba. Ami humwita mtoto wa ndugu yake adeer, kama anavyoitwa adeer. Basi Hibo akapangusa uso akamuuliza, "Aabo, mbele ya watu nikuite nani?"

"Adeer."

"Na nyumbani?"

Maalim alitazama ubao, ambao nusu yake ilikuwa mbichi bado. "Nyumbani bia adeer. Ulimi ikizoea fitu mbili, siku moja itateleza."

"Aabo."

"Adeer," akamjibu. "Tena. Jina?"

Ndiyo maana jina la Maalim silitaji, na haya mengine niliyoyataja nimeyabadilisha. Msichana yuko kazini mahali fulani, na karatasi zake zinasema zinavyosema.

Wazee waliapa. Chifu aliandika. Vidole vya Hibo vilikuwa safi, havikuwamo kwenye daftari jingine. Baada ya miezi miwili kitambulisho kikatoka, na Maalim akakishika kwa ncha za vidole, akakigeuza nyuma na mbele, akamrudishia. Jumatatu iliyofuata hakupiga pasi shati. Wala Jumatatu nyingine yoyote niliyoiona. Nilimuuliza, akasema akipata kitambulisho sasa atakuwa ni mtu asiye na mtoto anayemfuata, hata kwenye karatasi, na itabidi aeleze msichana anayelala nyumbani kwake ni nani. Aliendelea kufundisha. Lakini mstari wa katikati ya ubao hakuuchora tena, akawa anawapa wanafunzi nyakati na viwakilishi, mambo aliyosema wangeyapata kwa redio.

Mimi nilikuwa nimekwisha pia. Karibu na soko kulifunguliwa duka lenye mashine inayochapa mabango ya plastiki, picha na rangi zote kwa nusu saa, na Kiingereza chake kikitoka hivyo hivyo kibovu, hakuna wa kukisahihisha. Miezi minne sikupewa ukuta hata mmoja. Nikauza ngazi. Nilipomwambia Maalim naondoka na sirudi, hakuniuliza lolote. Alisema tu kwamba Hibo anaripoti Embu wiki hiyo, basi tusafiri pamoja, nimwangalie mpaka abadilishe gari.

Tulipanda basi asubuhi, naye akapanda nasi, akakaa kwenye ngazi ya mlango kwa kuwa hakukata tiketi. Kondakta alikuwa yule mwanafunzi wake wa zamani, akamwacha. Karibu na daraja basi likasimama kwenye kizuizi, abiria wote wakashuka wakapanga mstari, vitambulisho mkononi. Maalim alishuka pia, akaenda kusimama kando ya kibanda cha chai, upande wa mjini.

Afande alichukua kitambulisho cha Hibo akasoma kwa sauti. "Hibo Yusuf Abdi."

"Ndiyo, ni mimi."

"Unaenda wapi?"

"Chuo. Embu."

"Na yule mzee pale, ameshuka na nyinyi lakini hapangi mstari. Ni nani wako?"

Nilikuwa nyuma yake. Hibo akatazama kitambulisho mkononi mwa afande. "Ni adeer."

"Ndiyo nini?"

"Ndugu ya baba."

"Baba mwenyewe mbona hajakusindikiza, msichana unaenda chuo?"

"Yuko Ijara. Na mbuzi."

Afande akamrudishia kitambulisho. "Haya, pita."

Kutoka kwenye kibanda Maalim akainua mkono, akamwita kwa sauti, ili kila mtu pale asikie. "Adeer! Fika salama!"

"Haya, adeer," alisema Hibo, bila kugeuka.

Tukapanda. Hibo alikuwa amekata kiti cha dirishani, nyuma ya basi, upande ule wa kibanda, nami cha ndani. Akasimama kwenye njia akaniomba tubadilishane. Nikakaa dirishani. Basi lilipoanza kwenda nilimpungia mkono Maalim, lakini hakuniona. Alikuwa akipitia madirisha moja baada ya jingine, kutoka mbele kwenda nyuma, na alikuwa hajafika mwisho tulipoingia darajani.